Uzee wa Hamira katika Tembo la Mnazi

Kiswahili kina desturi ya kuupa umri wa kitu majina yake. Tunda la mnazi likiwa dogo huitwa kidaka. Likikua kidogo huitwa kitale. Likijaa maji matamu huitwa dafu. Nyama yake ikianza kukomaa huitwa koroma. Na likiisha kukomaa kabisa huitwa nazi. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa kwamba hilo ni tunda moja katika nyakati tano za maisha yake. Mti huo huo hutoa kinywaji ambacho nacho kina umri: asubuhi ni tembo tamu, jioni ni tembo kali, na baada ya siku mbili tatu ni siki.

Lakini ndani ya tembo hilo mna kiumbe kingine ambacho umri wake haukupata majina, kwa kuwa jicho la mwanadamu haliwezi kukiona bila ya hadubini. Kiumbe hicho ni hamira. Elimu ya viumbe, kwa muda wa miaka sitini na zaidi, imeonyesha kwamba hamira nayo huzeeka na kufa, na ya kwamba upesi wa kuzeeka kwake hutegemea sana chakula inachokipata na hali ya mahali inapokaa. Makusudi ya makala haya ni kulieleza jambo hilo kwa mfano wa tembo linalogemwa katika nchi ya Rufiji, na kuonyesha kwamba neno moja "uzee" halitoshi kulichukua, wala neno moja "njaa" halitoshi. Mwenye kuyachanganya mambo ambayo maneno hayo huyafunika atafikia hukumu ya uongo juu ya hamira. Naye akiihamisha hukumu hiyo kwa wanadamu, hatari yake itakuwa kubwa zaidi.

Ndundu na kazi ya mgema

Ndundu ni mahali pa kuvukia mto Rufiji, katika njia itokayo Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi. Kwa miaka mingi wasafiri walivuka hapo kwa pantoni; tangu mwaka 2003 wanavuka kwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Kaskazini ya mto iko Ikwiriri, na mbele yake Kibiti. Kwa upande wa mashariki mto hujigawa mikono mingi na kuingia baharini katika delta yenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Afrika ya Mashariki. Wenyeji hulima mpunga katika mabonde yafurikayo, na penye ardhi ya juu hupanda mikorosho, miembe na minazi. Ingawa wengi wao ni Waislamu, na dini yao imekataza ulevi, ugemaji wa tembo ni kazi ya kale ya pwani nzima, nao ulikuwako kabla ya viwanda vya bia.

Mgema hupanda mnazi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Hulichagua karara ambalo halijapasuka, akalifunga ili lisifunguke, kisha akalikata ncha yake kwa kotama. Kila apandapo hukata kipande chembamba tena, ili jeraha lisizibe, naye hutungika kibuyu chini yake kipokee utomvu. Utomvu huo utokapo mtini ni mtamu, wala hauna ukali wowote. Una sukari zaidi ya gramu 100 katika kila lita, pamoja na kiasi kidogo cha asidi amino, vitamini na chumvi za madini. Lau ungepokewa katika chombo kilichosafishwa sawasawa na kuchemshwa papo hapo, ungekuwa shira tu, wala usingelevya mtu.

Lakini kibuyu cha mgema hakisafishwi kwa namna hiyo. Chini yake hubaki mashapo ya jana, na mashapo hayo yamejaa hamira. Tone la kwanza la utomvu huangukia juu ya viumbe wenye njaa, nao huanza kazi mara moja. Wadudu na upepo huleta wengine. Kwa hiyo tembo linaloteremshwa asubuhi limekwisha kuanza kuchacha likiwa bado juu ya mti, na mnunuzi wa tembo tamu hana budi kuwahi.

Chachu na hamira

Hapa yafaa kutenga maneno mawili yaliyo karibu. Neno "hamira" limetoka katika Kiarabu, nalo kwa kawaida hutumika kwa kitu kinachonunuliwa dukani na kutiwa katika unga ili uumuke. Neno "chachu" ni la Kibantu. Ni la ukoo mmoja na kitenzi chacha, pamoja na chachuka na chachusha. Chachu ni chochote kiwezacho kukifanya kitu kingine kichachuke. Ndiyo maana mpishi wa pwani aliyekosa hamira aweza kuuumua unga wa vitumbua kwa tembo tamu. Hamira hana, lakini chachu anayo.

Tofauti hiyo ya matumizi yaweza kutengenezwa kuwa tofauti ya elimu. Katika tembo hamna kiumbe kimoja tu. Mna hamira, ambayo aghalabu ni ile ile ya mikate na bia, iitwayo na wataalamu Saccharomyces cerevisiae. Mna bakteria wanaogeuza sukari kuwa asidi ya maziwa. Tena mna bakteria wengine wanaogeuza kileo kuwa asidi ya siki. Jumuiya hiyo yote yafaa kuitwa chachu. Jina la hamira libaki kwa kiumbe yule mmoja anayekula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya ukaa, ambayo ndiyo mapovu ya tembo na matundu ya mkate.

Kwamba hamira ni kiumbe chenye uhai ni jambo lililobishaniwa sana Ulaya. Mwaka 1837 Theodor Schwann wa Ujerumani alieleza kwamba ni mmea mdogo ulao sukari, akadhihakiwa na wanakemia wakubwa wa zama zake. Louis Pasteur wa Ufaransa, katika maandishi yake ya miaka ya 1857 hadi 1860, ndiye aliyethibitisha kwamba sukari haigeuki kuwa kileo katika pipa ila hamira iliyo hai ikiifanyia kazi. Mwaka 1996 wataalamu wa nchi nyingi walimaliza kuusoma urithi wote wa hamira, wakakuta jeni zipatazo 6,000. Nyingi kati ya jeni hizo zina ndugu zao katika mwili wa binadamu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya watu kujishughulisha na uzee wa kiumbe kidogo namna hii.

Mwili wote wa hamira ni seli moja, yenye upana wa sehemu tano hivi za elfu ya milimita. Haizai kwa kupasuka katikati kama bakteria wengi wafanyavyo. Ubavuni mwake huchipuka tumba. Tumba hilo hukua, hupewa fungu lake la urithi, kisha hukatika na kuwa seli mpya iliyo ndogo kuliko ile iliyoizaa. Kwa hiyo yawezekana kumtambua mama na kumtambua binti. Tena kila mara mama azaapo hubakiwa na kovu katika ngozi yake, na kovu hilo halifutiki. Mwenye hadubini nzuri na rangi zifaazo aweza kuyahesabu makovu ya seli moja, akajua imezaa mara ngapi.

Uzee wa kwanza: kuhesabu mabinti

Mwaka 1959 Robert Mortimer na John Johnston, wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, walitoa habari ya jaribio lao. Walichukua seli moja moja iliyokuwa imezaliwa sasa hivi, wakaiweka juu ya chakula kizuri, na kila ilipozaa walimwondoa binti kwa sindano nyembamba sana, wakahesabu. Waliona kwamba mama hazai bila ya mwisho. Baada ya kuzaa mabinti ishirini na kitu, kwa wastani, huanza kukawia, kisha hukoma, kisha hufa. Hamira inayopata chakula tele huzaa kila baada ya dakika 90 hivi, kwa hiyo maisha ya mama mwenye shibe huisha kwa muda wa siku mbili tatu tu.

Hapo msomaji aweza kuuliza: ikiwa kila mama hufa, mbona mashapo ya kibuyu hayafi? Jibu ni kwamba binti hazaliwi na umri wa mama yake. Binti wa mama kijana, na hata wa mama wa makamo, huanza hesabu upya; ni mabinti wa mama mkongwe sana tu ndio wanaoonekana kuwa na maisha mafupi. Wakati hamira inapozaliana kwa kasi, nusu ya seli zote hazijazaa hata mara moja, robo zimezaa mara moja, thumuni zimezaa mara mbili, na kuendelea hivyo. Seli yenye makovu 24 haizidi moja katika milioni thelathini na zaidi. Kibuyu kilichorithiwa na mgema kutoka kwa baba yake chaweza kuwa cha kale, lakini hamira iliyomo ni changa kila siku. Ukoo waendelea kwa sababu mama hubaki na mzigo wa uzee, na binti huondoka mikono mitupu.

Mzigo huo ni nini? Baadhi yake umejulikana. Mwaka 1997 David Sinclair na Leonard Guarente, wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts huko Marekani, walionyesha kwamba ndani ya mama hulimbikana pete ndogo ndogo za asidi ya urithi, zilizochomoka katika mahali pake, nazo hazipiti kwa urahisi kwenda kwa binti. Protini zilizoharibika nazo huzuiwa upande wa mama.

Katika uzee huu chakula kina nguvu kubwa. Maabara kwa desturi huilisha hamira maji yenye gramu 20 za glukosi kwa lita. Mwaka 2000 Su-Ju Lin, Pierre-Antoine Defossez na Guarente walieleza kwamba wakipunguza glukosi hata kufikia gramu 5 kwa lita, mama huzaa mabinti wengi zaidi kabla ya kufa. Katika shibe kuu hamira huila sukari kwa pupa na kuigeuza kuwa kileo, hata kama hewa ya oksijeni ipo tele. Sukari ikipungua huitumia kwa uangalifu zaidi, ikivuta pumzi kama wanyama wafanyavyo. Wataalamu wamebishana sana juu ya njia ambayo upungufu huo hurefusha maisha, lakini matokeo yenyewe yameonekana katika maabara nyingi. Mtu akikumbuka kwamba utomvu wa mnazi una zaidi ya gramu 100 za sukari kwa lita, ataona kwamba hamira ya Ndundu huanza siku yake katika shibe iliyozidi mara tano ile ya maabara, na mara ishirini ile ya hamira iliyoongezewa maisha.

Uzee wa pili: kuhesabu siku

Shibe hiyo haidumu. Kabla ya siku moja kupita sehemu kubwa ya sukari imekwisha, na kileo kimeongezeka. Hamira huacha kuzaa. Haijafa, imetulia tu. Katika hali hiyo yaweza kukaa siku nyingi, na ikipata utomvu mpya huamka na kuanza kuzaa tena. Hivyo ndivyo inavyokaa katika mashapo tangu jioni hata asubuhi. Swali la pili basi ni hili: seli isiyozaa yaweza kukaa muda gani kabla ya kupoteza nguvu ya kuamka?

Huu ni uzee mwingine kabisa. Katika ule wa kwanza umri ulihesabiwa kwa mabinti. Katika huu umehesabiwa kwa siku. Seli yaweza kuwa haijazaa hata mara moja, na kwa hiyo ni kijana kwa hesabu ya kwanza, nayo ikawa imechakaa kwa kukaa siku nyingi mahali pabaya. Uchunguzi wa uzee huu uliendelezwa hasa na Valter Longo na wenzake huko Marekani tangu miaka ya 1990. Walizihifadhi seli katika maji zilimokulia, na baada ya kila siku chache wakatoa sehemu kidogo, wakaipa chakula kipya, wakahesabu ngapi ziliamka. Waliona pia kwamba seli zikitolewa katika maji hayo ya kale na kutiwa katika maji matupu, zilikaa hai muda mrefu zaidi.

Jambo hilo lilishangaza, kwa kuwa maji matupu hayana chakula chochote. Sehemu ya fumbo ilifumbuliwa mwaka 2009 na Christopher Burtner, Matt Kaeberlein na wenzao huko Seattle. Hamira iliyokula glukosi nyingi huacha katika maji yake asidi ya siki, na asidi hiyo huiua hamira yenyewe iliyotulia humo. Ukali wa asidi ukipunguzwa, seli hukaa hai zaidi. Na zikiongezewa asidi hiyo, hufa mapema. Hamira iliyolishwa gliserini mahali pa glukosi haiachi asidi hiyo kwa wingi, nayo hudumu. Hivyo chakula hakikuua kwa kuliwa tu. Kiliua kwa takataka zilizobaki baada ya kuliwa.

Katika tembo hali ni kali zaidi. Utomvu ambao ulianza bila ya ukali huchachuka upesi kwa kazi ya bakteria wa asidi ya maziwa. Baadaye kileo kilichotolewa na hamira huwa chakula cha bakteria wa siki, nao hufanya kazi kwa bidii maadamu hewa inaingia. Siki ambayo katika chupa ya maabara hamira hujitengenezea yenyewe kidogo kidogo, katika kibuyu hutengenezwa na jirani zake kwa wingi. Joto la pwani huongeza kasi ya yote hayo. Katika ubaridi hamira hukawia kula na kukawia kuzaa, na mabaya hukawia kuifikia. Katika nyuzi 30 za sentigredi, ambazo si ajabu kwa mchana wa Rufiji, mambo yote hukimbia. Ndiyo sababu mgema huyamwagia mashapo utomvu mpya kila siku wala hayaachi yakae juma zima: huiokoa hamira katika uzee wa pili kwa kuirudisha katika ule wa kwanza.

Ukongwe na ukuukuu

Vitabu vya Kiingereza huzitaja aina hizo mbili za umri kwa neno moja la maisha, kisha vikaongeza sifa ndefu. Kiswahili kikifuata mtindo huo kwa tafsiri ya neno kwa neno kitapata majina marefu yasiyoshikika, na mwanafunzi atayasahau. Lakini lugha yenyewe imekwisha kutenga jambo hilo. Mtu aliyeishi mpaka nguvu zake zikaisha ni mkongwe. Nguo au mkeka uliochakaa ni kuukuu. Hakuna asemaye "bibi kuukuu" kwa heshima, wala asemaye kwamba mkeka wake umefika ukongwe baada ya kulala katika unyevu.

Kwa hiyo yafaa kupendekezwa kwamba uzee wa hamira unaohesabiwa kwa mabinti uitwe ukongwe, na ule unaohesabiwa kwa siku za kukaa bila ya kuzaa uitwe ukuukuu. Mama aliyekoma kuzaa baada ya mabinti ishirini na watano ni mkongwe. Seli iliyolala siku kumi katika siki, hata kama ni bikira, ni kuukuu. Mtu aweza kupinga akisema kuwa ukuukuu ni sifa ya vitu, si ya viumbe. Pingamizi hilo lina haki yake, lakini pia ndilo linaloonyesha kufaa kwa neno. Seli iliyotulia hubaki kama kitu kilichowekwa akiba, na kuharibika kwake hutegemea mahali kilipowekwa. Hamira kavu ya dukani ni mfano mwepesi: ikiwa ndani ya pakiti iliyofungwa, mahali pakavu penye baridi, hudumu miezi mingi, pakiti ikifunguliwa na kuachwa katika joto na unyevu, haichukui muda kabla ya unga kukataa kuumuka. Mpishi husema hamira imekufa. Imekufa kwa ukuukuu, maana tangu ikaushwe haikuzaa hata mara moja.

Kufunga na kufa njaa

Kutoka katika majaribio yaliyotajwa mtu aweza kurukia neno hili: basi, njaa hurefusha maisha. Neno hilo si kweli hata kwa hamira yenyewe.

Hamira ina vyombo vya kuujua wingi wa chakula. Kimoja katika hivyo kiligunduliwa mwaka 1991 na Joseph Heitman, Rao Movva na Michael Hall huko Basel, Uswisi, walipokuwa wakichunguza dawa iitwayo rapamaisini. Dawa hiyo ilitokana na bakteria wa udongo uliochukuliwa mwaka 1964 katika kisiwa cha Rapa Nui, kilicho katika Bahari ya Pasifiki. Chombo hicho hujulikana kwa herufi TOR. Asidi amino na vyakula vingine vyenye naitrojeni vikiwa vingi, TOR huamrisha seli ijenge protini na kukua. Vikipungua, amri hulegea, seli huacha kukua, hujikinga na joto na sumu, nayo huanza kuvunja sehemu zake zilizochakaa na kuzitumia upya. Kazi hii ya mwisho ilichunguzwa katika hamira yenye njaa na Yoshinori Ohsumi wa Japani tangu mwanzo wa miaka ya 1990, naye alipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili yake mwaka 2016. Amri ya TOR ikipunguzwa, hamira hukawia kufikia ukongwe na hukawia kufikia ukuukuu pia.

Lakini yote hayo hutegemea seli kuutambua upungufu na kujitayarisha kwa utaratibu. Zipo hamira za maabara zilizopoteza uwezo wa kujitengenezea asidi amino fulani, kama lusini. Zikinyimwa lusini huku sukari ikiwa tele, hazitulii vizuri. Huendelea kuichoma sukari kana kwamba hapana neno, na hufa upesi. Mwaka 2008 Viktor Boer, Sasan Amini na David Botstein walilinganisha njaa za namna mbalimbali. Seli zilizopungukiwa fosfati au salfeti zilitulia na kudumu. Zile zilizokosa kitu ambacho zenyewe haziwezi kukitengeneza ziliangamia kwa kasi, na sukari iliyobaki zilizidi kuipoteza bure.

Hapa tena Kiswahili kina maneno yake tayari. Mwenye kufunga huujua mwanzo wa saumu yake na mwisho wake. Hula daku, hupunguza kazi zake, na jua likichwa hufuturu. Mwenye kufa njaa hana mpango huo. Amekosa kile ambacho mwili hauwezi kukaa bila yake, na huenda akawa na kingine kwa wingi kisichomsaidia. Hamira iliyotulia kwa sababu TOR imelegea ni kama iliyofunga. Hamira iliyokosa lusini katika maji yaliyojaa sukari inakufa njaa hali imeshiba. Kuzitaja zote mbili kwa neno "njaa" ni kuficha tofauti iliyo kubwa kuliko tofauti ya njaa na shibe.

Jambo hili si la maabara peke yake. Ujumbe wa kwamba kula kidogo kunaongeza umri umekwisha kuenea magazetini na madukani, pamoja na dawa zinazouzwa kwa jina la kurudisha ujana. Ni kweli kwamba TOR imo pia katika mwili wa binadamu, na mwaka 2009 ilitangazwa Marekani kwamba panya waliopewa rapamaisini waliishi muda mrefu zaidi. Lakini panya hao hawakunyimwa vitamini wala protini inayowapasa. Na hamira iliyodumu haikukosa kitu cha lazima. Bondeni mwa Rufiji, ambako mafuriko yaweza kuuchukua mpunga wa mwaka mzima, kama yale ya mwezi wa Aprili mwaka 2024, watu wanaujua upungufu kwa sura yake nyingine: sahani yenye ugali wa muhogo kila siku bila ya samaki wala kunde. Mtoto anayekula hivyo hakufunga. Yuko karibu zaidi na hamira iliyokosa lusini kuliko ile iliyopunguziwa glukosi, na hakuna uchunguzi wowote wa hamira uwezao kumsifia hali yake.

Maji ya mgema

Watu wa pwani husema, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji." Kwa mnywaji hilo ni kosa, na methali hiyo imekaa kuwa onyo kwa kila fundi anayelevywa na sifa. Kwa hamira iliyomo, maji hayo ni nafuu: hupunguza kileo, na hupunguza asidi ambayo ingeifanya kuukuu. Hamira inadumu palepale ambapo tembo linaharibika. Tembo lililo zuri kwa mnywaji, lenye sukari tele asubuhi na kileo kingi jioni, ni mahali ambapo mama hukimbilia ukongwe na walalao hukimbilia ukuukuu. Mgema mwenye ujuzi husimama kati ya haja hizo mbili. Hahitaji seli moja moja iishi sana. Ahitaji ukoo uamke kila alfajiri, na kwa hiyo husaza mashapo kidogo, huyapa utomvu mpya, wala hayaachi yalale muda mrefu katika siki yake.

Ujuzi huo wa mgema haukuandikwa, lakini vitenzi vyake viko katika lugha: kugema, kuchacha, kulala, kuumuka, kukoma. Mwenye kuandika kitabu cha elimu ya viumbe kwa shule za Kibiti na kwingineko ana akiba hiyo mkononi. Akimwambia mwanafunzi kwamba hamira yaweza kufika ukongwe kabla ya kuwa kuukuu, au kuwa kuukuu bila ya kufika ukongwe. Na kwamba hamira iliyofunga hudumu, lakini ile inayokufa njaa katikati ya sukari haidumu. Atakuwa amemweleza kwa sentensi mbili yale yaliyowachukua wataalamu tangu mwaka 1959 hata leo. Tena atakuwa amemkinga na mtu atakayemjia kesho akimwuzia njaa kwa jina la ujana.